Masalu wa Maduhu

Masalu hakuwa mtu wa ugomvi. Hilo hata wasiompenda walilikubali. Ng'ombe wa jirani akiingia kwenye mihogo yake, alimtoa polepole huku akizungumza naye kama mgeni aliyekosea mlango. Mtu akimsogezea mpaka wa shamba, alisema labda ni mvua iliyohamisha jiwe. Ukimtukana yeye mwenyewe, alikutazama, akacheka kidogo, akaendelea kutafuna muwa wake. Lakini ukisema mbele yake kwamba sauti ya Maduhu siku hizi imechakaa, au kwamba ule wimbo wake wa kiangazi kauokota kwa watu, basi ulikuwa umemgusa mtu mwingine kabisa. Alivua shati, akalikunja vizuri, akaliweka pembeni, na hapo ndipo mlipoanza kupigana.

Siku moja, jua likiwa bado juu, alirudi nyumbani kutoka kilabuni akiwa ameshika jino mkononi. Alimwonyesha mkewe Minza kama mtu anayeonyesha kitu alichonunua gulioni.

"La nani hilo?" Minza akauliza.

"Langu."

"Nani kakung'oa?"

"Kijana mmoja wa Kashinje. Kasema Maduhu anaimba kama mbuzi aliyekabwa."

"Sasa baba Nyanzala, mbuzi amekabwa kinywani kwa mtu mwingine, jino linatoka kwako?"

"Mimi limetoka moja," Masalu akasema kwa utulivu. "Yule kijana nenda kamwangalie."

Minza hakwenda kumwangalia mtu. Alichemsha maji, akatia chumvi, akampa asukutue; maneno yake ya jambo hilo yalikuwa yamekwisha siku nyingi.

Hapo ni upande wa Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda, miaka ile watu walipokuwa wamekwisha kukusanywa vijijini na kila nyumba ina namba mlangoni. Wenyeji walikuwa Wapimbwe na Wakonongo na Wabende, na katikati yao walikuwa wameanza kuingia Wasukuma wenye mifugo, familia moja moja, wakitafuta malisho na ardhi ya mpunga. Na Msukuma popote aendapo huenda na ngoma yake. Hata kabla hawajamaliza kuezeka nyumba, walikuwa wamekwisha kugawanyika kama walivyogawanyika kwao: hawa Wagika, wale Wagalu. Wagika wa pale walikuwa na manju wao Maduhu, mtunzi na mwimbishaji, mtu mrefu mwembamba mwenye shingo kama ya korongo. Wagalu walikuwa na Kashinje, mfupi, mwenye kifua, ambaye macho yake hucheka kabla ya mdomo. Kila kiangazi manju hawa wawili walishindana. Wote hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila mmoja upande wake, na watu husimama pale wanapovutiwa. Yule mwenye watu wengi jua likizama ndiye mshindi. Hakuna hakimu mwingine. Miguu ya watu ndiyo hakimu.

Kwa hiyo mtu wa manju hakuwa msikilizaji tu. Alikuwa ni kura iliyosimama. Akiondoka hata kwenda kunywa maji, wenzake walimwuliza anakwenda wapi. Na Masalu tangu amhamie Maduhu hakuwahi kunywa maji uwanjani. Kijiji kizima kilimwita Masalu wa Maduhu, kama vile Maduhu ndiye baba aliyemzaa.

Minza alijua jambo hilo lilianzia wapi, na ndiyo maana lilimuuma zaidi. Angekuwa hajui, angesema mume wangu ni mjinga, akapumzika.

Walipotoka kwao Usukuma walikuwa na kundi la ng'ombe la kutosha, si utajiri, lakini mtu akiliona alisalimia kwa heshima. Njiani walipita misitu yenye mbung'o. Ng'ombe walianza kukonda wakiwa wanatembea, mate yanawatoka, mmoja leo, mmoja kesho, na waliolala hawakuinuka. Mtoto wao wa kiume, Manyanda, ambaye alikuwa bado ananyonya, alishikwa na homa wakiwa katikati ya msitu huo. Walimzika kando ya njia, wakaweka mawe, na kwa kuwa ng'ombe wachache waliobaki walikuwa wanatawanyika, Masalu aliokota fimbo akawafuata. Hawakukaa matanga. Walifika Mwamkulu na vimifupa vya ng'ombe visivyoweza kuvuta jembe la kukokotwa, na hakuna aliyewauliza kitu. Wenyeji waliwaonyesha pa kujenga, balozi wa nyumba kumi akaandika majina yao, basi. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Wageni walikuwa wengi, na kila mgeni ana lake.

Mwaka ule wa kwanza, siku ya ngoma, Masalu alisimama nyuma kabisa ya umati. Maduhu alikuwa amezungumza naye mara moja tu, kisimani, akamsikiliza. Sasa katikati ya wimbo akanyamazisha ngoma, akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watu, akaimba:

"Masalu wee, ng'ombe umewaachia mbung'o,
Manyanda umemwachia msitu.
Nani atakuuliza habari za njiani?
Mimi Maduhu nakuuliza."

Watu waligeuka kumtazama huyo Masalu ni nani. Wakaitikia jina la mtoto wake, umati mzima, watu ambao hawakuwahi kumwona. Wanawake wasiomjua Minza walimshika mabega. Masalu hakulia. Alisogea mbele, taratibu, mpaka akafika karibu na ngoma, na tangu siku hiyo hakurudi nyuma tena.

Minza naye siku ile alimshukuru Maduhu kwa moyo wote. Lakini Minza alishukuru mara moja, akaenda nyumbani. Masalu alikuwa bado anashukuru mpaka sasa, miaka imepita, na mshukuriwa hakuwa na habari.

Mwaka huu wa jino, jambo lililokuwa kichwani kwa Minza lilikuwa shamba. Walikuwa na kipande mbugani, udongo mweusi mzito, mzuri kwa mpunga. Udongo ule wakati wa kiangazi ni jiwe, jembe linadunda. Mvua zikishika sana ni ziwa. Katikati ya jiwe na ziwa kuna siku chache tu, baada ya mvua za kwanza, ambapo ardhi imelainika na maji hayajatuama. Ukilima siku hizo, unapanda. Ukizikosa, unatazama wenzako. Mwaka uliotangulia walizikosa, kwa sababu mtu na mkewe na binti yao mdogo, Nyanzala, hawawezi kuimaliza mbuga ile kwa jembe la mkono, na msimu mzima Minza alikwenda kupura mpunga wa jirani yake Verdiana ili alipwe debe. Verdiana alikuwa Mpimbwe, Mkatoliki, mama wa watoto wengi, na hakuwahi kumsema. Hilo lilikuwa zuri, lakini Minza hakutaka kulila tena debe lile.

Njia ilikuwa moja: kuita kundi la kulima. Wasukuma hulima kwa kundi, tena kwa ngoma. Mwenye shamba hupika, huchinja akiwa nacho cha kuchinja, na kundi huja umande ukiwa bado kwenye nyasi, majembe begani, manju mbele. Wanajipanga mstari, manju anaimba akirudi kinyumenyume, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na shamba la wiki mbili linaisha kabla jua halijainama. Ila kuna desturi moja: mwenye shamba naye huwa kwenye mstari, na kila wimbo unapoanza yeye ndiye wa kwanza kuitikia. Akinyamaza, ni sawa na kusema sikuwaita. Majembe husimama.

Makundi yalikuwa mawili, yale yale ya ngoma. Masalu alikwenda kwa Maduhu mapema, kiangazi hakijaisha, na akarudi anang'aa. Maduhu amesema mvua ikilainisha tu, shamba la kwanza ni lako. Mbuzi dume mmoja akatengwa. Minza akaanza kuweka akiba ya mtama wa togwa.

Mvua ya kwanza ikaja na radi. Asubuhi yake Masalu alinoa jembe, akakaa barabarani. Maduhu na kundi lake walipita kwa mbali, ngoma zikisikika, wakaenda kulima kwa mwenye duka. Siku iliyofuata walikwenda kwa mwenyekiti. Kisha wakaitwa kijiji cha Kasekese, na Maduhu akaenda, na Masalu akawa ndiye anayewaeleza watu kwa nini ameenda.

"Kasekese wamemwomba sana," alisema. "Jina limekuwa kubwa. Angekataaje?"

"Na sisi hatukumwomba?" Minza akauliza.

"Sisi tuko nyumbani. Atakuja."

Verdiana alipita na kikapu chake, akasikiliza habari hiyo yote, akakaa chini kwenye gogo. Alisema kwao walikuwa na padre waliyempenda sana, na padre huyo aliposahau kuja kubariki mbegu, walimnunia mpaka akaleta sukari. "Nyie Wasukuma," akasema, "manju wenu anawakosea nyie, halafu nyie ndio mnaomwombea radhi."

Minza alicheka kwa sababu angeacha kucheka angelia. Maduhu aliporudi kutoka Kasekese, Minza hakumwambia mumewe. Alifunga kanga, akaenda mwenyewe.

Alimkuta Maduhu chini ya upenu wa nyumba yake akikaza ngozi ya ngoma. Alimsalimia kwa kupiga goti kidogo kama inavyopaswa, naye akaitika vizuri, akamletea kigoda. Hakuwa mtu wa majivuno. Minza akamweleza: udongo umelainika, maji yanakuja, mbuzi yupo, togwa ipo, na Masalu anakaa barabarani kila asubuhi kama mtu anayesubiri barua.

Maduhu alikaza kamba yake mpaka mwisho ndipo akajibu.

"Mayu," alisema, kwa lile neno la Kisukuma la kumwita mama, "nitakwambia kweli kwa sababu umekuja na heshima. Mwenye duka alikuwa anaelekea kwa Kashinje. Nimemlimia, sasa ni wangu. Kasekese hawakuwa wa mtu. Sasa ni wangu. Masalu nikimlimia leo au nisipomlimia, Masalu ni wangu. Mimi siwezi kutumia jua langu kumtafuta mtu ambaye hajapotea."

"Na mpunga wangu?"

"Nitakuja. Zamu zikipungua nitakuja."

Minza alitembea kurudi akiwa na jambo hilo mdomoni kama kitu kichungu ambacho mtu anatafuta mahali pa kukitema. Alikuwa na hakika kwamba sasa yamekwisha. Mtu akiambiwa hivi na yule anayempigania, atafumbuka macho, hata kama ni Masalu. Akamweleza neno kwa neno, bila kuongeza chumvi, kwa sababu hapakuwa na haja ya chumvi.

Masalu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukafunguka.

"Kasema hivyo? Kwamba mimi ni wake, sijapotea?"

"Kasema hatakuja, baba Nyanzala."

"Kasema mimi ni wake," Masalu akarudia, akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyesikia sifa zake kwa mlango wa nyuma. "Wewe unadhani anamwambia kila mtu maneno kama hayo?"

Minza alitaka kumpiga kwa kitu. Alichokuwa nacho mkononi ni mwiko, akauweka chini.

Kesho yake alikwenda kwa Kashinje.

Hilo si jambo dogo. Mke wa Masalu wa Maduhu kwenda kuomba kundi la Wagalu, watu walitoka milangoni kumtazama akipita. Kashinje mwenyewe alidhani ametumwa kumtega. Alipoelewa kwamba ni njaa tu iliyomleta, macho yake yaliacha kucheka. Akasema watakuja, ila mwenye shamba aitikie. Desturi ni desturi, hawezi kuwapeleka vijana wake kwenye shamba lililofunga mdomo.

Minza alimwambia Masalu jioni ile ile, amesimama, mikono kiunoni. Hakuomba. Alisema Wagalu wanakuja, na mbuzi atachinjwa, na wewe utaitikia, na kama hutaki basi mwambie Nyanzala wewe mwenyewe kwamba mwaka huu tena mama yake atapura mpunga wa watu. Masalu akasema ataitikia, ila Maduhu asitajwe ndani ya udongo wake. Ujumbe ukapelekwa, Kashinje akakubali.

Walikuja na umande. Lazima isemwe kwamba walilima vizuri. Mstari ulikuwa mrefu, majembe yakang'aa yote pamoja, na udongo mweusi ukageuka nyuma yao kama mkeka unaokunjuliwa. Kashinje aliimba nyimbo za ng'ombe, za mama mkwe, za bwana shamba aliyeogopa matope. Masalu akaitikia. Alifungua mdomo kiasi cha kupitisha punje, lakini aliitikia, na Minza kule jikoni alisikia kila itikio na kila mara akapumua. Walipofika katikati ya shamba wakanywa togwa. Nyama ilikuwa inachemka kwenye chungu kikubwa cha kuazima, na harufu ikawafikia wakulima, wakashangilia.

Shida ya vijana ni kwamba wakishiba kidogo wanataka utamu. Wakaanza kumwomba Kashinje ule wimbo wa jogoo. Kashinje akakataa. Wakamwomba tena, na manju akiombwa mara mbili na watu wake sijui ni manju gani anayeweza kukataa mara ya tatu. Akajiambia bila shaka kwamba hakuna jina la mtu ndani yake. Akauimba.

Ulikuwa wimbo wa jogoo mmoja mwenye shingo ndefu, ambaye huamka asubuhi akaenda kuwika kwenye nyua za watu. Kila boma linamtupia mtama. Kwake, kuku wake wameinamisha vichwa wanasikiliza kwa mbali, wanaambiana, sikieni, anavyowika vizuri huyu wetu. Hawana punje, lakini wanasikiliza. Na Kashinje alipofika hapo kwenye kuku alikunja shingo, akafumba macho kama kuku anayesikiliza, na mstari mzima ukaangua kicheko.

Minza naye alicheka. Alikuwa amekuja na ndoo ya maji pembeni ya shamba, na kicheko kilimtoka kabla hajakijua, kicheko cha miaka, akainama kwa kushika magoti. Alipoinua kichwa aliona Masalu anamtazama yeye, si Kashinje.

Wimbo ukafika mahali pa mwenye shamba kuitikia. Masalu akanyamaza. Kashinje akarudia. Masalu akanyamaza. Majembe yakaanza kusimama, moja baada ya jingine, mpaka pakawa kimya kiasi cha kusikia chungu kikitokota kule nyumbani. Ndipo Masalu, ambaye hakuwa na sauti, hakuwahi kuwa na sauti, akaanza kuimba peke yake. Aliimba ule wa Maduhu, wa ng'ombe na mbung'o na msitu. Alivua shati kwanza, akalikunja, akaliweka juu ya udongo uliolimwa.

Hakuna aliyemcheka. Wagalu walimsikiliza mpaka akamaliza, kwa maana kila mmoja wao alikuwa na njia aliyopitia. Kisha Kashinje akaweka jembe begani.

"Mzee Masalu," akasema, "shamba ni lako."

"Ni langu."

"Sikutaja jina."

"Najua hukutaja."

Wakaondoka. Minza aliwakimbilia, akawaomba hata wale basi, nyama iko tayari. Kashinje akamwambia kwa upole kwamba hawawezi kula kwenye shamba lililowanyamazia. Minza alibaki pale amesimama na nyama ya mbuzi mzima, nusu ya shamba imelimwa, nusu ni nyasi, na mume wake katikati akivaa shati.

Nyama ile waliila mpaka wakaichoka. Verdiana alikuja na watoto wake kusaidia kuila. Alitafuna tu, akitazama mbugani.

Walijaribu kuimalizia wenyewe ile nusu. Walilima watatu, alfajiri mpaka jua kali, na Masalu alilima kuliko wote, hilo Minza hakumnyima. Lakini mvua haikuwangoja. Ilinyesha mfululizo, maji yakatuama, na upande ule wa nyasi ukawa bwawa la vyura. Walipanda nusu. Walivuna nusu. Mtu akipita barabarani aliona ule mpaka ulionyooka, huku mpunga, huku magugu, na watoto wakaupa jina. Waliuita mpaka wa jogoo.

Maduhu hakuja. Zamu hazikupungua.

Kiangazi kikaingia, siku ya mashindano ikafika, na uwanja ukajaa tangu mchana. Minza alikwenda kwa sababu kila mtu alikwenda. Alisimama upande wa Wagika, nyuma ya mumewe, mahali pake pa miaka yote. Wagalu walikuwa wanakuja juu mwaka ule. Watu walianza kuvuka, wawili, watano, na Maduhu aliona. Akanyamazisha ngoma. Akanyoosha mkono ule mrefu, akaimba wimbo mpya.

Ulikuwa wimbo wa mtu mmoja aliyeletewa shamba lililolimwa bure. Akaambiwa, kula, ila kwanza kaa kimya manju wako akichezewa. Mtu huyo akasema, chukueni majembe yenu, afadhali nilale na nyasi zangu. Nani ana mtu kama huyo? Kashinje ana watu wengi, je, anaye mmoja aliyekula nusu kwa ajili yake? Mimi ninaye. Jina lake Masalu.

Umati ulilipuka. Waliokuwa wamevuka wakarudi mbio. Vijana wakambeba Masalu juu ya mabega, shati limempanda mgongoni, pengo la jino likionekana kwa kucheka, na mara hii alilia, machozi yalimtiririka bila kufutwa. Wanawake walimpigia vigelegele. Mmoja akamshika Minza mkono akamwambia ana bahati ya mume.

Ulikuwa wimbo mzuri. Minza hakuwa mjinga, alijua wimbo mzuri akiusikia. Ulikuwa mzuri kuliko wa jogoo. Na alipoisikia nusu ya shamba lake ikiimbwa, ile ile aliyoipalilia kwa magoti kwenye matope, ikitoka kwenye koo la mtu ambaye hakuweka hata jembe moja ndani yake, alihisi kwamba sasa hata hiyo nusu aliyovuna imechukuliwa.

Akaanza kutembea. Kati ya makundi mawili huachwa nafasi tupu, na mtu akiingia hapo uwanja mzima humwona. Minza aliingia. Kelele zikapungua upande wa Wagika, zikapanda upande wa Wagalu, mke wa Masalu anavuka, mke wa Masalu. Masalu kutoka juu mabegani akamwona.

"Mama Nyanzala," akaita. "Unakwenda wapi?"

"Kupika," Minza akasema, "kama nitapata cha kupika."

Alifika kwa Wagalu, wakamfungulia nafasi mbele kabisa, karibu na Kashinje, wakamnyooshea mikono. Akapita katikati yao bila kusimama, akatokea upande wa pili, akashika njia ya nyumbani. Mpaka leo watu wa pale hubishana siku ile alikuwa amevuka au hakuvuka, na upande gani ulipaswa kumhesabu. Yeye hakuwahi kuulizwa.

Masalu alirudi akiwa na sauti iliyokauka na vumbi mpaka kwenye kope. Minza alimpa maji, akamwacha anywe. Kisha akamwambia alichoamua njiani. Upande uliolimwa na Wagalu ni wake yeye, Minza, tangu leo. Upande wa nyasi ni wa Masalu, alimiwe na nani, amwite nani, ni shauri lake. Chakula kitakachotoka kwenye upande wa Minza watakula wote, hatamnyima mtu. Lakini atakayekanyaga udongo ule kwa jembe atachaguliwa na yeye.

Masalu alifikiri. Hakubisha. Alisema ni sawa, tena akasema kwa unyenyekevu ule wake kwamba upande wa nyasi una rutuba zaidi.

Mvua za kwanza zilipolainisha mbuga, Minza hakumwita manju yeyote. Alimwita Verdiana, na Verdiana akaja na dada zake na wanawake wa jumuiya yao, Generosa na Eufrazia na wengine. Walilima bila ngoma. Walilima wakisengenya, wakisimama kunyoosha migongo, wakibishana bei ya sabuni. Ilikwenda polepole, mstari haukunyooka, lakini kila jioni udongo mweusi ulikuwa umeongezeka.

Ng'ambo ya mpaka, Masalu alikuwa amenoa jembe lake. Mbuzi dume mpya alifungwa kwenye kijiti. Kila asubuhi alilima kipande kidogo kwanza, peke yake, akiimba kwa ile sauti yake mbovu, kisha akaenda kukaa kando ya barabara. Minza alimpelekea uji kwenye kibuyu, akamkabidhi, akarudi kwenye mstari wa wanawake. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa chini kule upande wa milima ya Mwese, na kutoka mbali, kwenye shamba la mtu mwingine, ngoma za Maduhu zilisikika vizuri sana.